Upanga na Wanja

Kabla ya kushuka, kiongozi wao aliingiwa na hofu. Shemihaza, mkuu wa malaika 200 waliokusanyika kileleni mwa Mlima Hermoni katika zama za Yaredi, babaye Henoko, aliwaeleza wenzake wasiwasi wake: wangeweza kughairi saa ya mwisho, wamwachie yeye peke yake mzigo wa dhambi kubwa. Wakamjibu kwa kiapo. Walijifunga wote kwa laana kwamba hakuna atakayerudi nyuma mpaka jambo litimie. Jambo lenyewe halikuwa kumpindua Mungu wala kutwaa kiti chake cha enzi. Walikuwa wamewaona mabinti wa wanadamu, wakawatamani, wakataka kuwaoa na kuzaa nao.

Hicho ndicho kisa kirefu cha kale zaidi cha malaika walioanguka katika maandishi ya Kiyahudi yaliyotufikia. Kimo katika Kitabu cha Walinzi (ndivyo malaika hao wanavyoitwa), yaani sura 36 za mwanzo za kile kinachoitwa leo Kitabu cha Kwanza cha Henoko, na wataalamu wengi wanaona sehemu hiyo iliandikwa kwa Kiaramu kufikia karne ya 3 KK. Msomaji aliyelelewa na picha ya Shetani mmoja, aliyetimuliwa mbinguni kwa kiburi chake, hupigwa na butwaa. Hapa hakuna mmoja. Wako 200, na wakuu wao 20 wametajwa kwa majina. Vita vya mbinguni havipo. Kuna njama, kuna ndoa, kuna watoto, kisha kuna mafunzo.

Chimbuko la karibu ni aya nne tu za Kitabu cha Mwanzo, mwanzoni mwa sura ya 6, mara moja kabla ya habari za gharika ya Nuhu. Zinasema wana wa Mungu waliwaona binti za watu, wakajitwalia wake. Zinasema pia kwamba siku hizo Wanefili, ambao kwa kawaida hueleweka kuwa majitu, walikuwako duniani. Basi. Hazisemi wana wa Mungu ni akina nani, hazisemi walipewa adhabu gani, hata hazisemi waziwazi kwamba walitenda kosa. Ni aya zilizoachwa kama mlango ulioegeshwa, na Wayahudi wa vizazi vingi walipita hapo, kila kizazi na swali lake. Swali lililorudi mara nyingi kuliko mengine lilikuwa la kesi: ubaya huu uliojaa duniani, alaumiwe nani?

Walioandika habari za Walinzi walikuwa na washtakiwa wawili, na hapo utamu wa kitabu unaanza. Wa kwanza ni Shemihaza, mtu wa kiapo na wake. Wa pili ni Asaeli, ambaye katika orodha ya wakuu ni wa kumi tu, lakini ghafla anashika usukani wa simulizi. Kosa lake ni ufundi. Aliwafundisha watu kufua chuma, wakatengeneza panga, ngao na dirii za kifuani. Aliwaonyesha madini na namna ya kuyafanya bangili na mapambo. Aliwafundisha wanja, kupaka rangi kope, mawe ya thamani na rangi za kutia vitambaa. Upanga kwa wanaume, wanja kwa wanawake: kwa macho ya mwandishi huyu wa kale, vita na uzinzi vilitoka katika karakana moja.

Wengine nao walifungua madarasa yao. Shemihaza alifundisha uganga wa maneno na ukataji wa mizizi. Barakeli, ambaye jina lake limebeba umeme, alifundisha kusoma dalili za radi. Kokabeli, mwenye nyota katika jina, akafundisha falaki. Shamshieli akafundisha dalili za jua, na Sahrieli za mwezi. Utambulisho wa malaika hawa ndio kazi yao. Kila mmoja alikabidhiwa kipande cha ulimwengu akilinde, akageuka kuwa mvujishaji wa siri zake.

Wachambuzi wengi wanaamini hapa visa viwili vimesukwa pamoja, kimoja cha Shemihaza na kimoja cha Asaeli, na mishono bado inaonekana. Ni hoja yenye nguvu, kwa sababu visa hivyo havikubaliani juu ya jambo la msingi. Katika kile cha ndoa, wanadamu wamevamiwa: wanawake wametwaliwa, na majitu waliyoyazaa yanakula mazao yote ya watu, yakimaliza mazao yanawala watu wenyewe, yanawala wanyama na samaki, yanalana yenyewe kwa yenyewe na kunywa damu. (Nakala za Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, zinayapa majitu hayo kimo cha dhiraa 3,000, zaidi ya kilomita moja kwenda juu; mwandishi au mnakili fulani hakupenda kupunguza chumvi.) Katika kisa cha mafunzo, wanadamu ni wanafunzi. Walishika nyundo kwa mikono yao. Hukumu ya mbinguni, hata hivyo, inaegemea upande mmoja: Asaeli aandikiwe dhambi yote.

Wazo la mafunzo lilitoka wapi? Watafiti wa leo hutazama mashariki, Babeli, ambako Wayahudi walipelekwa uhamishoni katika karne ya 6 KK. Wababeli walikuwa na masimulizi ya wenye hekima saba walioishi kabla ya gharika, viumbe nusu samaki, waliowafundisha watu misingi ya ustaarabu. Berossus, kuhani wa Babeli aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 3 KK, anamtaja wa kwanza wao, Oannes, aliyetoka baharini mchana kuwafundisha watu maandishi, hesabu, kujenga miji na kulima, na jua likichwa akarudi majini. Kwa Wababeli hiyo ilikuwa fahari yao: elimu yetu ni ya kale kuliko gharika. Mwandishi wa Kiyahudi alikubali tarehe, akakataa sifa. Ndiyo, elimu hiyo ni ya kabla ya gharika, nayo ndiyo iliyoleta gharika.

Ushahidi kwamba simulizi hizi zilipakana na Babeli umo pia katika Kitabu cha Majitu, ambacho vipande vyake vya Kiaramu vilipatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Humo wana wa Shemihaza, Ohya na Hahya, wanaota ndoto za kuogofya za maangamizi yao. Mmoja wa majitu wenzao anaitwa Gilgamesh. Shujaa mkuu wa tenzi za Mesopotamia amegeuzwa mtoto haramu wa malaika mkosaji, anayesubiri kuzama na maji.

Wengine wanasoma kisa hiki kwa jicho la siasa. Baada ya kifo cha Aleksanda wa Makedonia mwaka 323 KK, majemadari wake walipigania milki yake kwa miongo kadhaa, na nchi ya Wayahudi ikakanyagwa na majeshi ya huku na huku. Wafalme hao walipenda kujiita wa asili ya kimungu. Mkulima wa Yudea aliyeona ghala lake likikombwa na askari alikuwa na sababu ya kuamini kwamba majitu yanayokula mazao yote si hadithi ya zamani sana. Tafsiri hii haifuti ile ya Babeli. Simulizi nzuri huhama na mizigo ya njiani.

Hermoni wenyewe nao una neno. Ni mlima wa mita 2,814 kwenye mpaka wa Syria na Lebanon, wenye theluji, na uliheshimiwa kama mahali patakatifu karne nyingi. Mwaka 1869 Charles Warren, mhandisi wa jeshi la Uingereza, alikuta karibu na kilele magofu ya hekalu na jiwe lenye maandishi ya Kigiriki yanayotaja watu wanaokula kiapo. Jiwe hilo limo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Halithibitishi kwamba malaika walitua hapo, lakini linaonyesha kwamba kiapo na kilele hicho vilijuana.

Sehemu ya kitabu inayogusa kuliko zote, hata hivyo, haina radi wala majitu. Hukumu imeshapita: Rafaeli ametumwa kumfunga Asaeli mikono na miguu, kumtupa shimoni katika jangwa la Dudaeli na kumfunika kwa mawe yenye ncha, Gabrieli kuwachonganisha majitu wauane, Mikaeli kumfunga Shemihaza na wenzake chini ya vilima kwa vizazi 70. Walinzi wanalia. Wameona aibu hata kuinua macho kutazama juu, hawathubutu kusema na Mungu. Wanamwomba Henoko, mwandishi, binadamu wa damu na nyama, awaandikie barua ya kuomba msamaha. Henoko anakubali. Anaketi penye maji ya Dani, kusini magharibi mwa Hermoni, anaisoma barua yao mpaka usingizi unamchukua, na katika njozi anapelekwa mbele ya kiti cha enzi. Jibu analorudi nalo ni la kukatisha tamaa: ombi limekataliwa, na Walinzi wanakumbushwa kwamba wao ndio waliopaswa kuwaombea wanadamu, na wala si wanadamu kuwaombea wao.

Mwandishi aliyebuni tukio hilo alijua ofisi zinavyofanya kazi, na alijua fedheha ya mkubwa anayelazimika kumtuma mdogo. Wapo wataalamu wanaohisi kwamba Walinzi hapa ni vazi tu la makuhani wa Yerusalemu, watu wa patakatifu waliooa wasikoruhusiwa. Inawezekana. Maumivu ya waraka ule yana harufu ya watu wanaofahamika.

Jambo moja zaidi kitabu hiki kilitengeneza, nalo likaishi kuliko majitu yenyewe. Miili ya majitu ilikufa, lakini kwa kuwa nusu yao ilikuwa ya mbinguni, roho zao hazikuwa na pa kwenda. Zikabaki duniani kama pepo wabaya, zinazotesa watu bila kula wala kuonekana. Katika hesabu hii, malaika walioanguka na pepo ni makundi mawili tofauti: baba wamefungwa shimoni, watoto wanazurura.

Kitabu cha Yubile, kilichoandikwa karne ya 2 KK, kinayachukua hayo yote na kuyapindua kwa ustadi. Humo malaika walishuka kwa ruhusa, wakiwa wametumwa kuwafundisha watu haki, lakini wakaharibikia kazini. Hivyo mbingu yenyewe inabaki safi. Baada ya gharika pepo wanaanza kuwasumbua wajukuu wa Nuhu, naye Nuhu anaomba wafungwe wote. Hapo anajitokeza Mastema, mkuu wa roho hizo, na kutoa hoja kama wakili: wakifungwa wote, nitafanyaje kazi yangu? Anaachiwa sehemu moja ya kumi. Ili kufidia hiyo sehemu moja, malaika wema wanamfundisha Nuhu dawa za mitishamba, naye anaziandika kitabuni. Mizizi ileile ambayo kwa Henoko ilikuwa mafunzo ya uasi, kwa Yubile imekuwa hospitali.

Mastema ana kazi nyingine ya kuwaondolea waandishi aibu. Katika Kitabu cha Kutoka, Mungu mwenyewe anamkabili Musa njiani akitaka kumwua. Katika Yubile anayefanya hivyo ni Mastema. Ni mbinu iliyokwisha kutumika ndani ya Biblia. Kitabu cha Pili cha Samweli kinasema Mungu ndiye aliyemchochea Daudi kuwahesabu watu. Kitabu cha Mambo ya Nyakati, kilichoandikwa baadaye, kinamtaja Shetani. Na huyo Shetani wa mwanzo hakuanguka kokote. Katika Ayubu anaingia barazani pamoja na wana wengine wa Mungu, anaripoti alikotembea, anapewa kibali, anaondoka. Ni mwendesha mashtaka mwenye ajira.

Naye Lusifa? Hayumo kabisa katika orodha hizi. Isaya 14 inamkejeli mfalme wa Babeli kwa kumfananisha na nyota ya asubuhi iliyoanguka, na neno la Kilatini lililotumika kuitafsiri nyota hiyo ndilo lililokuja kufanywa jina la malaika na Wakristo. Kisa cha kiburi kinachofanana na hicho kimo katika Maisha ya Adamu na Hawa, kitabu kilichohifadhiwa kwa Kilatini, Kiarmenia na Kigeorgia: Shetani anakataa kumsujudia Adamu kwa kuwa yeye aliumbwa kwanza. Msomaji wa Kurani hatahitaji kuelezwa kwamba amekutana na mabishano hayo katika habari za Iblisi, ambaye sura ya Al-Kahf inamweka miongoni mwa majini.

Kitabu cha Henoko chenyewe kilikaribia kupotea. Waraka wa Yuda katika Agano Jipya unamnukuu Henoko kama nabii, lakini makanisa ya Roma na Ugiriki yaliacha kukinakili, na masinagogi nayo yakakiacha. Kilichobaki kizima ni tafsiri ya Kigeezi, kwa kuwa Kanisa la Orthodox la Tewahedo la Ethiopia lilikihesabu katika Maandiko Matakatifu, na Beta Israel, Wayahudi wa nchi hiyohiyo, nao walikitunza. Mskoti James Bruce alirudi Ulaya na nakala za Kigeezi mwaka 1773. Richard Laurence akachapisha tafsiri ya Kiingereza mwaka 1821. Kisha mwaka 1952 pango la nne la Qumran likatoa vipande vya nakala 11 za Kiaramu, na J. T. Milik alipovitangaza kwa ukamilifu zaidi mwaka 1976 ikadhihirika kwamba watawa na wanakili wa Ethiopia walikuwa wamehifadhi kwa karne nyingi kitabu cha Kiyahudi ambacho Ulaya ilikijua kwa vipande tu.

Marabi walikuwa na sababu ya kukaa mbali nacho. Katika karne ya 2 BK Rabi Shimon bar Yohai alifundisha kwamba wana wa Mungu wa Mwanzo 6 walikuwa wana wa waamuzi, watu wakubwa wa mjini, na alimlaani yeyote aliyewaita vinginevyo. Karne hiyohiyo Justin, Mkristo aliyeandika mabishano yake na Myahudi aitwaye Trypho, anamwonyesha Trypho akichukizwa na wazo kwamba malaika wanaweza kutenda dhambi. Ukimwondolea mwanadamu lawama na kuipandisha mbinguni, Torati inamfaa nini? Hata ndani ya mapokeo ya Henoko palikuwa na sauti iliyosema hivyo: Waraka wa Henoko, sehemu ya mwisho ya kitabu kilekile, unatamka kwamba dhambi haikutumwa duniani, watu waliiunda wenyewe.

Lakini laana ya rabi haikuzima kisa. Azazeli, yule wa jangwani katika Mambo ya Walawi 16, ambaye kila mwaka Siku ya Upatanisho alipelekewa mbuzi mwenye dhambi za taifa, alikwisha kuunganishwa na Asaeli. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, inaeleza mbuzi huyo alivyoongozwa hadi kwenye jabali, kitambaa chekundu kikafungwa kati ya pembe zake, akasukumwa kinyumenyume, asifike nusu ya mteremko kabla hajavunjika viungo. Chuo cha Rabi Ishmaeli, kwa mujibu wa Talmudi, kilisema ibada hiyo inafidia matendo ya malaika Uza na Azaeli, ndiye Asaeli. Targumi (tafsiri ya Biblia) moja ya Kiaramu inawataja Shamhazai, ndiye Shemihaza, na Azaeli kwa majina palepale kwenye Mwanzo 6.

Na midrashi, masimulizi ya marabi ya kufafanua Maandiko, za baadaye zikakipamba kisa hicho. Malaika hao wawili wanamcheka Mungu kwa kumwumba mtu. Anawajibu kwamba wao wakikaa duniani watashindwa vibaya zaidi. Wanaomba wajaribu. Shamhazai anamkuta msichana aitwaye Istehar, anamtaka, naye anamwekea sharti: nifundishe kwanza Jina unalolitamka kupanda mbinguni. Anafundishwa, analitamka, anapaa zake bila kuguswa, na Mungu anamweka kati ya nyota za Kilimia. Shamhazai anatubu na kujining'iniza kati ya mbingu na nchi, kichwa chini miguu juu. Azaeli hatubu, na hadi leo, wanasema, ndiye mwenye dhamana ya rangi na mapambo ya wanawake. Waliosikia darasa za tafsiri pwani yetu watamkumbuka mwanamke aliyekuwa Zuhura na malaika Haruta na Maruta waliotundikwa kisimani Babeli, ingawa maulamaa wengi wamekitilia shaka kisa hicho, na Kurani yenyewe, katika Al-Baqara aya ya 102, inasema tu kwamba wawili hao waliwaonya watu kabla ya kuwafundisha.

Katika hadithi hiyo ya Istehar swali la kesi limepata jibu jipya. Msichana wa kawaida amewashinda malaika kwa akili na kwa usafi wa moyo, na kwa kufanya hivyo amemtetea mwanadamu kuliko hoja ya rabi yeyote.

Talmudi haikukataa hata ukoo. Inamtaja Ogu, mfalme wa Bashani ambaye Kumbukumbu la Torati linasema kitanda chake cha chuma kilikuwa na urefu wa dhiraa tisa, kuwa mjukuu wa Shamhazai. Aliokokaje gharika? Pirke ya Rabi Eliezeri, ya karne ya 8 hivi, ina jibu: aliketi nje ya safina, na Nuhu akatoboa tundu akawa anampitishia chakula kila siku. Kitabu hichohicho ndicho kinachomleta Samaeli, mkuu wa mbinguni mwenye mabawa 12, anayeshuka na kumpanda nyoka wa Edeni, aliyekuwa bado na umbo la ngamia. Hapo ndipo lile kundi la Walinzi 200 linapoanza kumezwa na adui mmoja mwenye sura inayofahamika zaidi leo.

Henoko aliyeandika barua ya maombi naye alibadilika. Mapokeo ya fumbo ya Kiyahudi yanasema alichukuliwa juu akawa moto, akapewa jina Metatroni na kiti chake mwenyewe, huku Uza, Aza na Azaeli wakipinga kwamba mtoto wa mwanadamu asipandishwe hivyo. Pingamizi lao halikusikilizwa. Ila Rabi Elisha ben Abuya alipoingia kwenye njozi na kumkuta Metatroni ameketi, akidhani labda mbinguni kuna mamlaka mawili, malaika huyo aliyekuwa mtu alitolewa nje akachapwa viboko 60 vya moto, kwa kosa la kutosimama mgeni alipoingia.